Tusiilaumu Mashine, Tuutazame Waya

Miaka kadhaa iliyopita nilirekodi nyumbani masimulizi ya marehemu shangazi yangu kuhusu asili ya ukoo wetu. Nilipoyasikiliza, sauti yake ilikuwa imefunikwa na mvumo mzito usiokoma. Mashine ilikuwa mpya na ya bei ghali. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa nimeponzwa na waya.

Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, aghalabu milivolti chache tu, ilhali vyombo vya studio hupelekeana zaidi kidogo ya volti moja. Umeme wa majumbani mwetu, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, hupenyeza athari yake katika kila waya ulio karibu. Milivolti moja ikiingia katika volti moja haina uzito. Ikiingia katika milivolti mbili, huimeza sauti.

Dawa yake ni ya kale na nyepesi. Waya wa maikrofoni wenye plagi za pini tatu una nyuzi mbili ndani ya wavu wa kinga. Uzi mmoja hubeba sauti, na wa pili hubeba sauti iyo hiyo iliyogeuzwa. Mvumo huingia katika nyuzi zote mbili kwa usawa. Chombo kipokeacho hutoa uzi mmoja katika mwingine: mvumo hujifuta, sauti hubaki. Waya wangu ulikuwa na pini tatu upande mmoja, na upande wa pili plagi ya milimita 6.35 yenye njia mbili tu. Kwa hiyo kinga ya nyuzi mbili ilipotea, nami nilikuwa nimeulaza sambamba na waya wa umeme.

Wako wasemao kwamba kompyuta huweza kuusafisha mvumo. Ni kweli kwa kiasi. Lakini mvumo ukichujwa, sehemu ya sauti nayo huondoka.

Kwa maoni yangu, somo hili lingestahili kufundishwa katika shule zetu za sekondari kwa waya na plagi halisi mezani, si ubaoni tu. Leo vijana wengi hurekodi nyimbo na kauli za wazee majumbani. Wajifunze kusikiliza dakika moja ya majaribio kabla mzee hajaanza kusema. Waya hununuliwa tena. Shangazi yangu alifariki kabla sijarudi.