Usiwape vifaranga dawa ya kuhara damu kila wiki

Ndugu mfugaji, kuna desturi imeenea sana vijijini. Vifaranga wakifika bandani wanapewa glukosi, kesho yake vitamini, na kuanzia wiki ya 2 wanapewa amproliamu kila wiki, wawe wazima au wagonjwa. Ukiuliza sababu, unajibiwa kuwa ni kinga. Mimi naipinga desturi hii. Inakula fedha yako, na siku dawa itakapogoma kufanya kazi, kundi zima linaweza kuondoka.

Ili tuelewane, tuanze na adui mwenyewe.

Koksidia hawalingani ukali

Koksidiosisi, yaani kuhara damu, huletwa na vimelea visivyoonekana kwa macho vinavyoishi ndani ya ukuta wa utumbo. Kwa kuku kuna aina 7 zinazojulikana tangu zamani, na kila aina ina sehemu yake ya utumbo.

Mkali anayejulikana zaidi ni Eimeria tenella. Huyu hukaa kwenye vile vifuko viwili vilivyo karibu na mwisho wa utumbo. Kifaranga akimeza yai moja la kimelea lililokomaa, hutoka vimelea 8, navyo huingia kwenye seli za utumbo na kuzaana. Kizazi cha pili huzama chini zaidi, karibu na mishipa ya damu. Kinapopasua seli ili kitoke, ndipo unapoiona damu kwenye kinyesi, yapata siku ya 5 tangu kifaranga alipomeza yai lile.

Eimeria acervulina yeye hukaa sehemu ya juu ya utumbo na kwa kawaida haleti damu. Kuku anakula chakula chako lakini haongezeki uzito. Wengi hapo humlaumu muuza chakula.

Ukali umo kwenye vinasaba

Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, T. K. Jeffers, alieleza jaribio rahisi lenye maana kubwa. Alichukua Eimeria tenella, akawaambukiza kuku, kisha akakusanya yale mayai ya vimelea yaliyotoka mapema kuliko mengine. Hayo akawapa kuku wengine, akakusanya tena ya kwanza kutoka, akarudia hivyo mara nyingi. Ni kama wewe unavyochagua mbegu ya mahindi yanayowahi kukomaa. Mwishowe alipata ukoo wa vimelea wanaomaliza maisha yao upesi, wanaozaana kidogo na kuumiza utumbo kidogo. Tabia hiyo waliirithisha kwa watoto wao.

Jambo la kufurahisha ni kwamba kuku aliyeambukizwa vimelea hao wapole alipata kinga dhidi ya wale wakali wa aina ileile. Kwa njia hiyo zikatengenezwa chanjo za koksidiosisi ambazo ndani yake kuna vimelea hai. Dawa ya moto ni moto.

Hapo pana somo la bandani. Mwili wa kifaranga hujifunza kujikinga kwa kukutana na kimelea kidogo kidogo. Akimeza mayai machache, anapata kinga. Akimeza maelfu kwa siku moja, anakufa. Kazi yako ni kupunguza idadi anayomeza. Kuwamaliza wote huwezi.

Dawa ya kila wiki inaharibu wapi

Kwanza, dawa ikitolewa mfululizo kwa kipimo kamili, kifaranga anaweza asipate nafasi ya kujenga kinga. Ukiiacha wiki ya 5, anakutana na vimelea kama mgeni, na wiki ya 3 hadi ya 6 ndicho kipindi ambacho kuhara damu hupenda kushambulia.

Pili, ikitolewa kwa kipimo pungufu, kijiko cha kukisia kwenye ndoo, inaua vimelea dhaifu na kuwaacha sugu wazaane. Tena koksidia wana dume na jike, hivyo huchanganya vinasaba. Kimelea sugu kwa dawa moja akikutana na aliye sugu kwa dawa nyingine, wanaweza kuzaa watoto walio sugu kwa zote mbili. Ndiyo maana kuchanganya dawa ovyo hakukuokoi.

Tatu, amproliamu hufanya kazi kwa kufanana na vitamini B1. Kimelea huipokea akidhani ni vitamini, akakosa ile anayoihitaji. Sasa wewe ukiweka amproliamu na vitamini zenye B1 kwenye ndoo moja, unaipunguzia dawa nguvu mwenyewe. Maliza dawa kwanza, vitamini zifuate.

Fanya haya badala yake

Yai la kimelea likitoka kwenye kinyesi haliambukizi papo hapo. Linahitaji unyevu, joto na hewa, na kwa kawaida hukomaa ndani ya siku 1 hadi 2. Siku hizo ndizo za kumshinda.

- Nyanyua vyombo vya maji vifike usawa wa mgongo wa kuku, maji yasimwagike.
- Geuza maranda kila siku. Fumbata kiasi mkononi: yakibaki donge, yana maji mengi. Toa yaliyolowa siku hiyohiyo.
- Usibanane vifaranga, na usiwachanganye na kuku wakubwa.
- Usitegemee dawa za kawaida za kusafishia banda, kwa maana mayai haya huzivumilia. Ukavu, jua na maji yanayochemka vina msaada zaidi.

Kifaranga akifa, mpasue mbali na banda utazame vile vifuko viwili. Ukiona vimejaa damu, usisubiri: lipe kundi lote dawa siku hiyo, kwa kipimo na siku zilizoandikwa kwenye pakiti, bila kukatisha. Sikukatazi dawa. Nakukataza kuigeuza chai ya asubuhi. Kisha mzike yule aliyekufa, unawe mikono.

Na wewe mfanyabiashara

Hapa nasema na anayeuza vifaranga, chakula na dawa. Kama vifaranga wamechanjwa koksidiosisi, mnunuzi lazima aambiwe. Chanjo hiyo ni vimelea hai. Akiwapa amproliamu siku zinazofuata, anaua chanjo aliyoilipia. Kama chakula chako cha kuanzia kina dawa ya koksidia ndani yake, kwa kuku wa nyama hilo ni jambo la kawaida, lakini liandike kwenye mfuko ili mtu asiongeze nyingine kwenye maji. Anayepima dawa kwa kijiko na kuifunga kwenye karatasi isiyo na maelezo anauza hasara, hata kama bei yake ni nafuu.

Nawe unayenunua kuku mnadani, tenga lako hubeba kinyesi cha banda moja hadi jingine. Kinga ya kuku dhidi ya aina moja ya koksidia haimkingi na aina nyingine, kwa hiyo unaweza kumpelekea mteja ugonjwa ambao kuku wake hawajawahi kuukuta. Osha tenga, lianike juani hadi likauke kabisa kabla ya safari nyingine.

Mfugaji, kabla ya kulipia vifaranga safari ijayo, uliza maswali mawili: wamechanjwa nini, na chakula hiki kina dawa gani? Muuzaji asiyeweza kujibu, nenda kwa mwingine. Na dawa ikishindwa baada ya kuitumia sawasawa, usinunue ya pili kwa kubahatisha. Mwite afisa mifugo wa kata yako achunguze.