Kisangani: Mwindaji anauliza bei ya kartushi, haulizi uzito wa risasi

Nyama ya pori inaingia Kisangani kwa baiskeli, pikipiki na pirogi, kutoka upande wa Buta, Bafwasende, Opala na Ubundu. Mjini tunabishana juu ya bei yake na juu ya wanyama waliokatazwa. Mabishano hayo ni ya lazima. Lakini kuna jambo moja tunaliruka: ndani ya kartushi kuna nini?

Wawindaji wengi wetu wanatumia bunduki ya kalibre 12. Kartushi ya shevrotini mara nyingi ina vidonge 9, kila kimoja karibu gramu 3 na nusu. Kartushi ya namba 4, yenye gramu 32, ina vidonge vidogo karibu 160. Uzito wa jumla ni karibu uleule, kazi ni mbali na mbali. Mwenye kununua kartushi moja moja, nje ya karatoni yake, mara nyingi anachukua iliyopo, na iliyopo ikiwa shevrotini, basi ni shevrotini kwa kila mnyama.

Mboloko ana kilo 4 au 5 tu. Ukimpiga kwa shevrotini kutoka mita 40, vidonge vimekwisha kutawanyika. Kimoja kinampata tumboni, anakimbia na kufia mbali porini. Mwindaji amepoteza kartushi, pori limepoteza mnyama, na sufuria ni tupu. Kwa mnyama kama huyo, vidonge vidogo kwa karibu vinatosha. Nguruwe wa pori, anayeweza kufika kilo 100, ndiye anayehitaji shevrotini, naye pia kwa karibu. Najua mwindaji atajibu kwamba kartushi ni ghali na hawezi kubeba aina mbili. Ni kweli. Lakini mnyama aliyejeruhiwa na kupotea ni ghali zaidi.

Kuna wanaowinda kwa silaha ya vita. Risasi ya Kalashnikov ina karibu gramu 8 na imevikwa ganda gumu. Inaweza kupenya mwili bila kupanuka, kisha inaendelea na safari yake kati ya miti, bila kujua kama mbele kuna shamba la mtu. Na kwa okapi, sokwe na tembo hakuna uzito wa kuchagua: sheria inawalinda, basi.

Sasa tuje mezani. Lugha yetu ilisema zamani: risasi ni jina la kartushi na ni jina la madini yenyewe. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia kwanza. Umoja wa Ulaya umekataza vidonge vya risasi katika maeneo ya maji na mabwawa tangu Februari 2023. Sisi tunavitema pembeni ya sahani na kucheka. Tena tunatia ndimu, na uchachu unayeyusha risasi zaidi ndani ya mchuzi.

Mtu asikimbilie kutuambia tutumie vidonge vya chuma kesho. Bunduki nyingi za huku ni za zamani, nyingine zimetengenezwa na mafundi wa kijijini kwa bomba. Chuma ndani yake kinaweza kuharibu mtutu na mkono wa mwenyewe.

Ila serikali ya jimbo inaweza kuwalazimisha wauzaji wa kartushi waonyeshe namba na uzito, kwa sababu sheria ya uwindaji ya 1982 tayari inadai kibali kwa mwindaji. Wakati anapochukua kibali ndio wakati wa kumweleza. Na mama wa Mangobo au Kabondo, kabla ya kutia ndimu, akate nyama yote iliyozunguka kidonda, upana wa kiganja, aitupe mbali, hata mbwa asiipate.