Anayerudi Lamadi na Kisukuma chake

Lamadi iko pale barabara ya Mwanza–Musoma inapochepuka kwenda Bariadi, Ziwa Victoria upande huu, Serengeti upande ule. Anayerudi kujitolea kufundisha asishangae darasa kufurika: elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016, na watoto wakamiminika shuleni nchi nzima.

Kijiji kufundishwa na vijana wake si jambo geni. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, la elimu ya msingi kwa wote (UPE), waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Wakabezwa, “walimu wa UPE”. Haikuwa haki.

Mgeni anayejitolea wiki mbili hupaka ukuta rangi, hupiga picha, huyo! Mzawa anayejua Kisukuma hufaa zaidi darasa la kwanza, ambako mtoto bado anajifunza Kiswahili chenyewe. Na msimu wa pamba ukifika, mwanafunzi asipoonekana, mzawa huyo anajua abishe hodi wapi.