Bendera Isitangulie Kura

Maandiko yanatufundisha habari za mfalme ambaye, kabla ya kwenda vitani, huketi kwanza akapima kama nguvu zake zitatosha. Hapa kwetu, Novemba 2022, mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 2 Rais William Ruto aliwakabidhi wanajeshi wetu bendera ya kwenda mashariki mwa Kongo, katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bunge la Taifa liliidhinisha safari hiyo tarehe 9, juma zima baadaye: askari zaidi ya 900, kwa gharama ya takribani shilingi bilioni 4.5.

Kifungu cha 240 cha Katiba ya 2010 ki wazi: majeshi hutumwa nje kwa idhini ya Bunge. Lakini idhini inayoombwa bendera ikiwa imekwisha kutolewa ni idhini gani? Ni mbunge yupi atakayekataa ilhali askari wamekwisha kufunga mizigo?

Hatusemi kwamba jirani aachwe alie peke yake. Watu wa Kivu ni ndugu zetu, na kuwasaidia ni wajibu. Tunachodai ni kwamba swali kuu lijibiwe mapema: askari wetu walitumwa kupigana, au kutenganisha wapiganao? Kinshasa ilitaka kundi la M23 lipigwe. Kikosi kikasimama katikati, kikipokea maeneo kama Kibumba na Rumangabo. Wakazi wa Goma wakaandamana kukipinga. Hatimaye Kongo ilikataa kukiongezea muda, na Desemba 2023 kikaanza kuondoka. Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa M23.

Waliopigania kufutwa kwa Kifungu cha 2A mwaka 1991 hawakutafuta wingi wa rangi za vyama. Walitaka Bunge lenye uwezo wa kusema hapana. Bunge linalopiga muhuri kwa yaliyokwisha kutendwa halitofautiani sana na lile la chama kimoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ndugu wasomaji, katika kila parokia na kila kikundi, mwulizeni mbunge wenu: fedha zile zilitumikaje? Tulijifunza nini Kongo? Na safari ijayo, je, kura itatangulia bendera? Tuwaombee askari wetu, lakini sala zetu zisiwe kisingizio cha kunyamaza.