Ng'ombe wa Mahari

Binti aliyechoshwa na kipigo alipokimbilia kwa wazazi wake, mara nyingi alirudishwa kwa mume. Si kwamba hawakumpenda: ng'ombe wa mahari walikwisha kuliwa, au kaka yake alikwisha kuwatoa ili naye aoe, na mila za baadhi ya makabila ya Uganda zilidai warejeshwe ndipo ndoa ivunjike. Shirika la MIFUMI la Tororo lilifungua kesi mwaka 2007. Likashindwa mwaka 2010, likakata rufaa. Tarehe 6 Agosti, 2015, Mahakama ya Juu mjini Kampala ilitamka kuwa kudai mahari irudishwe ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Lakini katika madai yale ya ng'ombe, nani aliyepata kuhesabu jasho la mke shambani?