Chema Hakijiuzi Mtandaoni: Ujiji na Utawala wa Viungo

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli wake sokoni, ambako mnunuzi huiona bidhaa kwa macho yake, akaishika na kuinusa. Katika intaneti mnunuzi halioni soko zima. Huoneshwa meza chache za mbele, naye aliyezipanga hayupo sokoni. Kijana anayefungua tovuti na kukosa wasomaji, kisha akaambiwa na mabingwa wa warsha kwamba aandike vizuri tu naye ataonekana, anadanganywa. Makala haya yanaupinga uongo huo.

Tuchukue mfano wa Ujiji. Tuseme kijana wa hapa, mwenye shahada ya historia, anaanzisha tovuti ya Kiswahili kuhusu mji wake: njia ya misafara ya pembe na watumwa kutoka ziwani hadi Bagamoyo kupitia Tabora, masimulizi ya wazee wa Kimanyema, namna Kiswahili kilivyovuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kongo, bei ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Mtu akitafuta neno “Ujiji”, atakutana kwanza na kurasa zinazosimulia jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871. Mji mzima umefupishwa ukawa mahali ambapo wageni wawili walisalimiana.

Sababu yake si siri. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza kanuni waliyoiita PageRank. Wazo lake waliliazima kutoka katika ulimwengu wa taaluma: andiko linalorejelewa na wengi lina uzito, na rejeo litokalo kwa mwenye uzito lina thamani kuliko rejeo la mtu asiyejulikana. Kila kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kikawa kama kura, lakini kura zisizo sawa. Leo Google hutumia vigezo vingi zaidi ya hicho, ila viungo vingali miongoni mwake. Tena, programu zinazokusanya kurasa huzigundua nyingi kwa kufuata viungo, hivyo ukurasa usioelekezwa na yeyote unaweza kuchelewa hata kujulikana kwamba upo.

Sasa linganisha. Hadithi ya Stanley na Livingstone ina miaka zaidi ya 150 ya vitabu, magazeti, makumbusho na vyuo vinavyorejeleana. Kijana wetu ana marafiki watano waliosambaza anwani yake kwenye WhatsApp, mahali ambapo injini ya utafutaji haiingii. Aliye nacho huongezewa: anayeonekana husomwa, anayesomwa hurejelewa, na anayerejelewa huzidi kuonekana. Asiyeonekana hubaki gizani, hata kama ndiye anayesema kweli.

Watetezi wa mfumo huu watasema kwamba bila kipimo cha namna hii matapeli wangefungua maelfu ya tovuti kila siku na kuyajaza matokeo kwa takataka. Hoja hiyo ni ya haki. Tovuti mpya haina rekodi, na tahadhari dhidi ya mgeni ni jambo la busara. Lakini tahadhari ni kitu kimoja, na kuugeuza umaarufu kuwa ushahidi wa ukweli ni kitu kingine.

Historia ya ziwa letu inatufunza tofauti hiyo. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, kisha wakaenda kaskazini hadi Uvira. Huko wenyeji waliwaeleza waziwazi kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Jibu hilo lilikuwa sahihi. Hata hivyo, mjadala kama Tanganyika ni chemchemi ya Nili uliendelea Ulaya kwa miaka, hadi Livingstone na Stanley walipokwenda wenyewe mwaka 1871 na kuukuta mto ukiingia ziwani, kama ilivyosemwa miaka 13 nyuma. Ukweli wa wenyeji haukuwa na upungufu wowote. Ulikosa mtu mwenye jina wa kuurejelea. Tovuti changa ya Kiswahili iko katika hali hiyo hiyo leo.

Tuongeze suala la mamlaka. Mwezi Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Ilithibitika mahakamani kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari. Naye aliye mlangoni mwa maarifa ya dunia alilipa ili asimame hapo. Chema hakikujiuza hata kwake.

Hata hivyo, tusiitupie California lawama zote. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni za nchi hii ziliwadai wanablogu ada zilizozidi jumla ya shilingi milioni mbili, kabla hawajapata hata msomaji mmoja. Baadhi yao walifunga kurasa zao, na ukurasa uliofungwa hupoteza kila kiungo ulichokwisha kujipatia. Ofisi za umma nazo hutundika matangazo yaliyopigwa picha, ambayo mashine huyasoma kwa taabu, na zinapotengeneza tovuti upya hufuta anwani za zamani. Vyuo vikuu vinampima mhadhiri kwa majarida ya ng’ambo, kisha vinashangaa kwamba maarifa kuhusu Kigoma yako kwa Kiingereza, nyuma ya malipo.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Mtumishi wa umma mwenye dhamana ya tovuti ya halmashauri, weka viungo vya kudumu kwa tovuti makini za wananchi wa eneo lako, na usifute anwani iliyokwisha kurejelewa. Mwanafunzi, unapoandika tasnifu kuhusu Ujiji, mtaje kwa jina na anwani yule aliyekusanya masimulizi kabla yako. Usichote maarifa yake na kumrejelea Burton peke yake. Mwanaharakati, yatoe maandishi yako kwenye makundi ya WhatsApp na kuyaweka mahali penye anwani, kisha uelekeze kwa wenzako kama unavyotaka waelekeze kwako.

Haya hayahitaji bajeti wala ruhusa ya mtu yeyote. Ujiji ilipata kuwa kiungo kati ya pwani na Kongo kwa sababu watu walikubali kupokeana na kutambulishana, msafara kwa msafara. Halmashauri yenye tovuti inaweza kuanza leo, kwa kiungo kimoja.