Kidonge cha usiku kisikatwe ghafla

Na Mwanaidi Makame

Maji yakipwa Matemwe, Unguja, kina mama wa mwani hushuka mbali kule na kufanya kazi wameinama. Mwenye kifafa akianguka pale, maji ya magotini yanatosha kumzamisha. Ndiyo maana huingiwa na hofu nikisikia, "Mwanangu keshapona, dawa tumeacha." Mara nyingi hajapona. Dawa ndiyo iliyokuwa ikimshikilia.

Kifafa huja pale seli nyingi za ubongo zinaporusha umeme kwa pamoja, kwa kasi, bila kujizuia. Fenobabitoni, ambayo daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliitangaza kwa kifafa mwaka 1912 na mpaka leo bei yake ni nafuu, huipa nguvu gaba, kemikali ya ubongo wenyewe inayotuliza seli. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, ina njia yake. Seli hujiwasha kwa kuingiza sodiamu kupitia vijilango, na dawa hii huvichelewesha kufunguka tena vile vilivyofunguka mara nyingi mfululizo. Seli inayokwenda taratibu haiguswi sana.

Ubongo huuzoea utulivu huo. Ukiikata fenobabitoni siku moja, seli hurudi kwa kishindo, na mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, hali inayoua. Hata aliyemaliza miaka 2 bila kuanguka, daktari akiona inafaa humpunguzia kidogo kidogo, kwa miezi. Anayetaka kusomewa dua asomewe, na kidonge anywe.

Ramadhani huwavuruga wengi bila sababu. Fenobabitoni hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo hunywewa mara moja usiku na saumu haiguswi. Kabamazepini hutoka upesi zaidi; anayeitumia amwone daktari kabla mwezi haujaandama, wapange cha futari na cha daku. Na alale, kwani kukesha kwenyewe huchochea kifafa.

Mama anayeacha dawa simlaumu. Hupewa kibahasha kilichoandikwa "1x1 usiku", basi; kidonge kinafanya nini mwilini, hakuna aliyemwambia. Kikiisha na kituo cha afya hakina, ni daladala hadi mjini, pengine mpaka hospitali ya Kidongo Chekundu, na siku ya mwani imepotea. Mgonjwa aliyetulia apewe dawa ya miezi 2 au 3 kwa mkupuo, aelezwe kwa Kiswahili cha nyumbani, na juu ya kibahasha, chini ya ile 1x1, paandikwe: usiache kabla hujarudi kwetu.